Bunduki ya Marisau na Mkulima: Khabari Tulizozipata Milanzi



Tangu msimu uliopita tumepokea maswali mengi juu ya nguruwe, na katika maswali hayo moja limerudi mara kwa mara: je, mkulima aweza kupata ruhusa ya bunduki ya marisau ili alinde shamba lake, na kwa nini jambo hili limekuwa gumu kuliko lilivyokuwa zamani za wazee wetu? Mkarafuu nguruwe haumli, hilo twalijua sote. Lakini hakuna mwanachama anayekula karafuu. Chini ya mikarafuu na pembezoni mwake mna mihogo, ndizi na viazi, na hivyo ndivyo vinavyotulisha mwaka ambao mikarafuu haikuzaa. Nguruwe akiingia katika shamba la muhogo usiku mmoja na wanawe, asubuhi mwenye shamba hukuta ardhi imechimbuliwa kama iliyopigwa jembe.

Mwenzetu mmoja wa halmashauri alikuwa Bara kwa shughuli zake, akafika Sumbawanga katika mkoa wa Rukwa, na kutoka hapo akaenda Milanzi, akakaa siku chache na wakulima wa huko. Alirudi na khabari ambazo tumeona zafaa kuelezwa hapa, kwa sababu kule jambo hili la bunduki na shamba laonekana wazi zaidi, pande zake zote mbili. Tunayoyaeleza juu ya sheria ni kama yalivyo Bara. Mwanachama wa hapa kisiwani atakayetaka kujua njia ya kwetu amwulize mkuu wa kituo chake cha polisi, wala asitegemee maneno ya barazani.

Milanzi ni kata katika Manispaa ya Sumbawanga, juu ya nyanda za Ufipa. Nchi ile ni ya juu sana kuliko kwetu, usiku wake ni wa baridi, na mvua zake ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba mpaka Aprili hivi. Watu wake hulima mahindi, maharage, ulezi, ngano na alizeti. Na tangu zamani Wafipa wamesifika kwa kilimo cha matuta ya mviringo, ambamo majani hufukiwa yaoze yawe mbolea. Kadhalika walisifika kwa chuma. Walijenga matanuri marefu ya udongo ya kuyeyushia mawe ya chuma, na baadhi yake yangali yamesimama porini mpaka leo. Mtu wa Milanzi atakusimulia pia kwamba hapo ndipo palipokuwa na mtemi wa kwanza wa Ufipa, na kwamba ufalme ulimtoka siku aliyokwenda kuwinda, wakaja wanawake wageni wakakikalia kiti chake. Mzee aliyemsimulia mwenzetu hadithi hiyo alicheka, akasema: “Basi wewe uliza mambo ya uwindaji, lakini ujue yalitupotezea nchi.”

Mzee huyo ndiye tuliyejifunza kwake zaidi. Baba yake alimwachia gobori, yaani bunduki ile ya kushindilia baruti kwa mdomoni. Miaka mingi lilikaa juu ya dari la jiko. Halikuwahi kumwua mtu, na kwa kweli halikuua nguruwe wengi pia. Kazi yake kubwa ilikuwa kishindo. Mwaka 2023 Serikali ilipotangaza msamaha wa kusalimisha silaha haramu kwa hiari, kuanzia tarehe 1 Septemba mpaka tarehe 31 Oktoba, wanawe walimshika wakamwambia: “Baba, peleka.” Akalipeleka. Hajutii, kwa sababu sasa analala bila hofu ya kugongewa mlango. Ila mahindi yakianza kubeba, yeye na wajukuu zake hupanda juu ya dungu na kupiga madebe mpaka alfajiri, na mjukuu aliyekesha na madebe hasikii kitu skulini siku ya pili.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe.

Kabla ya kuingia katika sheria, yafaa tukumbuke kwamba sisi watu wa visiwani hatuna haki ya kuyatazama magobori ya Bara kama mambo ya wengine. Katika miaka ya 1880 bunduki za namna hiyo zilipita katika bandari ya Unguja kwa makumi ya maelfu kila mwaka, zikapelekwa ng'ambo, zikafuata njia za misafara kuelekea Tabora, Ujiji na nchi za maziwa. Zilikuwa bunduki kuukuu za majeshi ya Ulaya, zilizotupwa huko na kuuzwa huku. Mataifa yakakutana Brussels, na mkataba wa mwaka 1890 ukazuia kuingizwa kwa silaha katika sehemu kubwa ya Afrika. Bunduki zilizokwisha kuingia zilibaki, wahunzi wakajifunza kuzitengeneza, kisha wakajifunza kuziunda. Katika nchi ya wafua chuma hilo halikuwa ajabu.

Kisha wakaja Wajerumani, na mambo yao yana funzo ambalo wengi hawalijui. Walitoa amri za kuzuia uwindaji, wakabana nyavu na bunduki za wananchi. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri aliandika mwaka 1997 juu ya Uzaramo katika miaka ya kabla ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905. Ameonyesha kwamba wanaume walipozuiwa kuwinda kwa nyavu, na wengi wakachukuliwa kufanya kazi mbali na kwao, nguruwe mwitu walizidi, wakala mashamba, na mzigo wa kulinda mazao ukawaangukia wanawake. Njaa ikawa juu ya njaa. Hatusemi kwamba vita vile vililetwa na nguruwe. Twasema kwamba mtunga sheria aliyekaa mjini, akitazama bunduki tu bila kutazama shamba, alikwisha kukosea mara moja katika nchi hii.

Sasa tuje kwenye sheria ya leo. Kwa miaka mingi Bara ilitumia Sheria ya Silaha na Risasi, Sura ya 223, ya mwaka 1991. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha sheria mpya, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Namba 2 ya mwaka huo. Haikuzuka peke yake. Mwaka 2004 nchi za Afrika Mashariki, Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi, zikakubaliana kwamba kila nchi iweke daftari kuu la silaha, kila silaha ipigwe alama, na mwenye silaha ajulikane kwa jina na makazi. Sababu yake mtu wa Rukwa aijua kuliko sisi. Ng'ambo ya ziwa Tanganyika ni Kongo, kaskazini yake ni Burundi, na nchi hizo zimekuwa na vita ambavyo silaha zake hazikuheshimu mipaka. Mwaka 2016 ukafuata uhakiki wa silaha nchi nzima, kila mwenye bunduki akatakiwa aipeleke polisi ikaguliwe na karatasi zake.

Na njia ya kupata leseni ni hii. Mkulima huanza kwa serikali ya mtaa au ya kijiji chake, ambako kamati ya ulinzi na usalama humjadili: ni mtu wa namna gani, ana ugomvi na jirani, ni mlevi, kwa nini anataka bunduki. Ikimkubali, maombi hupanda kwenye kata. Yakitoka kata huenda wilayani, yakitoka wilayani huenda mkoani, na mwisho hufika kwa Msajili wa silaha. Humo njiani huchukuliwa alama za vidole, na mwombaji hutakiwa aonyeshe kwamba anajua kuitumia silaha, na kwamba ana mahali pa kuifungia pasipofikiwa na mtoto wala mwizi. Bunduki yenyewe hununuliwa baada ya ruhusa, na risasi zake kadhalika.

Kila hatua ukiitazama peke yake ina maana. Hasa ile ya kwanza twaipenda, kwa sababu hakuna anayemjua mtu kama majirani zake. Tabu iko katika kuziunganisha. Mtu wa Milanzi ana bahati, mji wa Sumbawanga u karibu naye. Lakini mkulima anayekaa chini huko katika bonde la Rukwa, kila hatua kwake ni nauli na siku moja ya kazi, na kama karatasi imelala juu ya meza ya mtu, hupanda tena mlima kuja kuuliza. Nguruwe hawangoji kikao. Matokeo yake ni kwamba bunduki ya halali hupatikana kwa mfanya biashara wa mjini, ambaye ana gari, ana sanduku la chuma, na ana muda. Na mwenye shamba la ekari tatu hukata tamaa katika hatua ya pili. Wengine, na hapa twasema waziwazi, hawaanzi kabisa, hubaki na gobori la babu.

Na gobori ndilo lililo katika hatari kubwa kuliko silaha zote, kwa mwenyewe. Bunduki iliyoundwa na mhunzi haina namba ya kiwanda, haina karatasi ya kununuliwa, haina mwaka. Daftari lataka namba. Basi gobori ambalo lilikuwa likijulikana na kijiji kizima likawa silaha isiyojulikana na Serikali, na kosa la kumiliki silaha bila leseni huhesabiwa miongoni mwa makosa ya Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliweka adhabu ya makosa hayo kuwa kifungo kisichopungua miaka ishirini na kisichozidi thelathini. Tafadhali mwanachama aisome tena hesabu hiyo. Kesi za magobori zimefika hata Mahakama Kuu, Sumbawanga, na wanaoshitakiwa aghlabu ni watu wa vijijini. Wamo majangili kweli miongoni mwao, waliokuwa wakitafuta nyama au pembe katika mbuga za Katavi na kandokando yake. Lakini sheria ikiwa na kipimo kimoja tu, mwenye gobori la kuwinda tembo na mwenye gobori la kutishia nguruwe hupimwa kwa kipimo hicho hicho.

Pengine mwanachama atauliza: kama bunduki ni tabu, si mkulima alipwe hasara yake? Malipo yapo, yaitwa kifuta jasho, na kwa aliyeumizwa au kufiwa yaitwa kifuta machozi. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi milioni moja kwa aliyeuawa na mnyama, na laki tano kwa aliyepata kilema cha kudumu. Kwa mazao ziliweka kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, kwa kadiri shamba lilivyo mbali na hifadhi, na si zaidi ya ekari tano. Lakini malipo hayo ni kwa wanyama waliotajwa kuwa wa hatari, kama tembo, kiboko, nyati, simba na mamba. Nguruwe hamo. Nyani hamo. Tumbili hamo. Yaani wanyama wanaomsumbua mkulima wa kawaida kila usiku ndio wasiolipiwa hata senti.

Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 yamruhusu mtu kumwua mnyama katika kujihami au kulinda mali yake, ila lazima atoe taarifa kwa wakubwa upesi, na mzoga ni mali ya Serikali. Ruhusa hiyo ni njema, lakini haimpi mtu silaha. Ni kama kumwambia mtu asiye na ngalawa kwamba anaruhusiwa kuvua.

Wala tusifikiri kwamba kila kinachoruka juu ya miti ni adui. Karibu na Sumbawanga uko msitu wa Mbizi, na ndani yake wamo kima wekundu waliobaki wachache sana, ndugu wa kima punju wetu wa Jozani. Mtu mwenye bunduki asiyejua kumtenga kima huyo na tumbili atafanya hasara isiyolipika. Sisi tulikwisha kupoteza chui wa Unguja, aliyewindwa kwa nguvu khasa baada ya mwaka 1964, na leo ni ngozi tu katika majumba ya makumbusho.

Sasa neno juu ya marisau. Watu wengi husema “bunduki” kama kwamba zote ni moja. Bunduki ya marisau hutawanya vidonge vidogo vya risasi, na nguvu yake huisha upesi. Ukipita hatua hamsini hivi nguruwe hana cha kuogopa ila kelele. Raifo hutupa risasi moja ambayo yaweza kwenda kilomita kadhaa, ikavuka shamba, ikavuka mto, ikaingia nyumba ya watu. Kwa ajili hiyo nchi nyingi huweka njia mbili, ya marisau kuwa nyepesi na ya raifo kuwa nzito. Uingereza wamefanya hivyo kwa miaka mingi. Kwa sheria yao ya mwaka 1968, anayetaka raifo lazima aonyeshe sababu nzuri ya kuihitaji, na wa marisau hakubanwa kiasi hicho.

Lakini hata huko mambo yanabadilika. Mwezi wa Agosti 2021, katika mji wa Plymouth, kijana mmoja aliua watu watano kwa bunduki ya marisau aliyokuwa nayo kwa cheti halali. Polisi walikuwa wamekwisha kumnyang'anya, kisha wakamrudishia. Tangu hapo Serikali yao imekaza. Mwezi wa Februari 2025 ada ya cheti kipya cha marisau ilipandishwa kutoka paundi 79 na nusu mpaka paundi 194, na limekuwapo pendekezo kwamba sheria ya marisau ikaribishwe na ile ya raifo. Watu wa mashamba wamepiga kelele. Wanasema kosa lilikuwa la waliomrudishia bunduki, si la mkulima anayefukuza kunguru. Tunaona kila upande una haki yake. Ila na tuone tofauti: mkulima wa Uingereza anagombana na ada, na wa Milanzi anagombana na miaka ishirini.

Halmashauri yetu imelizungumza jambo hili katika vikao viwili, na si wote tuliokubaliana. Wako waliosema bunduki ikizidi kijijini, ugomvi wa mpaka wa shamba utakwisha kwa msiba, na wivu wa nyumbani vivyo hivyo. Maneno hayo ni ya kweli, na ndiyo yaliyotuzuia kusema kwamba kila mkulima apewe. Tuliyokubaliana kuyapeleka mbele, pindi maoni ya wakulima yatakapotakiwa juu ya kubadili sheria hii, ni machache.

La kwanza, na ndilo kubwa, ni kwamba bunduki ya kulinda mazao iwe ya jamii, si ya mtu. Chama cha wakulima au serikali ya kijiji ipewe leseni ya bunduki moja ya marisau au mbili, ifungwe katika sanduku la chuma ofisini au kituoni, iwe na daftari la kutoka na kurudi, na mpigaji awe mtu mmoja aliyefundishwa na kujulikana na polisi na afisa wa wanyamapori. Risasi zihesabiwe, maganda yarudishwe. Kwa njia hiyo mwenye ekari tatu analindwa sawasawa na tajiri, na hakuna bunduki inayolala chini ya kitanda cha mtu. Mzee wa Milanzi alipoulizwa juu ya shauri hili alifikiri kidogo, akauliza nani atashika ufunguo. Ni swali la haki, na bado twalifanyia kazi.

Tena, maombi yawekewe siku. Kamati ikipokea karatasi ijibu ndani ya muda uliotajwa, ama ndiyo ama hapana, na sababu iandikwe. Mtu aliyekataliwa kwa haki hana kinyongo kama mtu aliyengoja bila jibu. Na juu ya magobori, tungependa mahakama ziachiwe nafasi ya kumtenga mwenye silaha ya urithi isiyotumika kwa uovu na jangili, badala ya kufungwa mikono na kiwango cha chini cha miaka ishirini.

Lililobaki ni la nyumbani kwetu wenyewe, na mwanachama alisome kwa makini. Leseni ni ya mtu, hairithiwi. Mwenye bunduki akifariki, cheti chake hakimfunikii mwanawe wala mjane wake, hata kama bunduki ilikuwa halali tangu siku ya kwanza. Haigawiwi pamoja na mikarafuu. Wafiwa waipeleke kituo cha polisi, au waende kituoni kwanza waeleze ili polisi waje kuichukua, wapewe hati ya kupokelewa, na hati hiyo waitunze pamoja na karatasi za mirathi. Mrithi anayeitaka aombe leseni kwa jina lake mwenyewe tangu mwanzo, na wakati anangoja bunduki ikae polisi. Anayekuta silaha isiyo na karatasi, iliyofichwa darini au iliyozikwa shambani na wazee, asiichezee, asiijaribu, na wala asiiuze. Baruti ya zamani ni mbaya, na mnunuzi wa silaha isiyo na karatasi ni mbaya zaidi. Ukitangazwa msamaha kama ule wa mwaka 2023, aisalimishe katika siku zilizotajwa. Na kama hakuna msamaha uliotangazwa, apate kwanza shauri la wakili au la sheha wake, kisha aende kituoni akiwa na mtu mzima wa kumshuhudia.

Maoni ya wanachama juu ya shauri la bunduki ya jamii yaletwe ofisini kwa maandishi kabla ya mkutano mkuu, yakiwa na jina la shamba na khabari za hasara ya nguruwe au tumbili katika msimu huu, tukaweze kuzikusanya. Asiyejua kuandika aje mwenyewe, karani atamwandikia. Na mwenye bunduki ya marehemu nyumbani asingoje mkutano.